Hifadhidata za mbegu za mboga: kuzifungua ni rahisi, kuzijaza ndiko kwenye shughuli

Mwaka 2021 watafiti waliopima vinasaba vya sampuli zaidi ya 10,000 za pilipili kutoka benki mbalimbali za jeni, yaani hazina za kutunzia mbegu, walitangaza kwamba sampuli 1,618 kati ya hizo ni marudio. Mbegu ileile imewekwa mara mbili au zaidi kwa namba tofauti, nyingine ndani ya benki hiyohiyo moja. Marudio hayo hayakai bure. Yanachukua nafasi kwenye chumba cha baridi, yanapimwa uotaji, na mbegu zikianza kuchoka lazima yapandwe tena ili zipatikane mbegu changa. Wakati huo huenda kuna pilipili nyingine, isiyo na pacha popote duniani, inayosubiri zamu yake ya kupandwa.

Hapo ndipo hoja ya hifadhidata za pamoja inapoanzia, na ni hoja nzito. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2010 ilihesabu sampuli milioni 7.4 za mimea katika benki za jeni duniani, ikakadiria kwamba ni asilimia 25 hadi 30 tu zilizo tofauti kwelikweli. Si kila nakala ni hasara, bila shaka. Benki ya mbegu ya taifa ya Ufilipino huko Los Baños ilikumbwa na mafuriko mwaka 2006 kisha moto mwaka 2012, na mwaka 2022 vita viliharibu sehemu ya benki ya mbegu ya Kharkiv, Ukraine. Aliyeweka nakala kwingine alilala usingizi. Lakini nakala iliyowekwa kwa makusudi na marudio yaliyotokea kwa sababu benki mbili hazijui kilichomo kwenye makabati ya kila mmoja ni mambo mawili, na bila orodha inayoonwa na wote huwezi kuyatenganisha.

Orodha hizo zipo. Nchi za Ulaya zilianzisha EURISCO mwaka 2003, na sasa inatunzwa Gatersleben, Ujerumani. Genesys, inayosimamiwa na Crop Trust, taasisi ya kimataifa ya kuhifadhi aina za mazao, inakusanya kumbukumbu za sampuli zaidi ya milioni 4 kutoka duniani kote, zikiwemo za World Vegetable Center, taasisi yenye makao yake Taiwan ambayo tangu ianzishwe mwaka 1971 imekusanya mojawapo ya hazina kubwa kabisa za mbegu za mboga zilizo wazi kwa umma. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuingia, akaandika jina la zao, akaona nani anayo mbegu.

Anachokiona ni jambo jingine. Tuchukue mstari mmoja wa kitunguu. Kuna namba ya taasisi na namba ya sampuli. Kuna msimbo wa hadhi yake: 100 ni mmea pori, 300 ni mbegu ya kienyeji iliyotunzwa na wakulima, 500 ni mbegu iliyoboreshwa na watafiti. Kuna nchi ilikotoka. Kuna tarehe ya kukusanywa, tarakimu nane zinazoanza na mwaka, na kisichojulikana kinajazwa vistari au sifuri. Halafu kuna nafasi za latitudo na longitudo, na tangu mwongozo wa kimataifa wa kujaza orodha hizi uhuishwe mwaka 2012 kuna nafasi ya kueleza kipimo hicho kinaweza kuwa kimekosea kwa mita ngapi.

Anayetafuta kitunguu kinachovumilia joto hana haja kubwa na jina. Anataka kujua kilikotoka, achukue vipimo vile vya latitudo na longitudo, aviweke juu ya ramani ya hali ya hewa na kuchuja sampuli thelathini za kujaribu badala ya elfu tatu. Nafasi hizo zikiwa tupu, elfu tatu zinabaki elfu tatu. Zikijazwa sifuri na sifuri, kama inavyotokea mtu akijaza fomu kwa haraka, kitunguu kinatua baharini, kwenye Ghuba ya Guinea. Kompyuta haitacheka wala kuuliza.

Mboga zina tabu yake ya pekee hapa, na nadhani wengi wanaojadili hifadhidata kwa kuwazia ngano na mpunga huisahau. Ngano hujichavusha yenyewe. Ukiipanda upya unapata ileile. Kitunguu, karoti na kabichi huchavushwa na wadudu, hivyo sampuli mbili zikiwa jirani zinachanganyika. Kila moja inajengewa kizimba cha wavu na kuingiziwa nyuki au nzi humo ndani. Karoti na kabichi hazitoi mbegu mpaka zipite kipindi cha baridi, na mara nyingi hilo huingia mwaka wa pili. Mbegu ya kitunguu huisha nguvu mapema kuliko za mboga nyingi. Kitunguu saumu hakitoi mbegu kwa kawaida. Hutunzwa shambani mwaka hadi mwaka, au ncha za machipukizi yake hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Ukipanda upya kabichi kwa kutumia mimea michache mno, unarudisha kabatini kitu chenye namba ileile lakini kilichopoteza sehemu ya jeni zake.

Kwa hiyo taarifa ninayoiona ya thamani kuliko zote kwa mboga ni hii: sampuli ilipandwa upya lini mara ya mwisho, kwa mimea mingapi, na ilitenganishwaje na majirani zake. Ajabu ni kwamba orodha ya kimataifa ya vipengele vya utambulisho wa sampuli haina nafasi ya kuuliza hayo. Yanabaki kwenye daftari la mtunzaji. Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aligundua kwamba mbegu za nyanya pori za visiwa vya Galápagos, ambazo zilikuwa zinagoma kuota, ziliota vizuri baada ya kupita tumboni mwa kobe wakubwa wa huko. Habari hiyo ungeiandika kwenye kisanduku gani?

Upande wa pili, wa wanaotaka taarifa zifungwe, nao una hoja, na kuziita woga wa teknolojia ni dharau. Mwaka 1962 Hugh Iltis na Donald Ugent, Wamarekani waliokuwa Peru wakitafuta viazi pori, waliokota nyanya pori zenye matunda madogo ya kijani na kumtumia Rick mbegu zake. Leo mmea huo unaitwa Solanum chmielewskii, na sampuli ile ni LA1028. Baada ya miaka ya kuuchanganya na nyanya za kawaida, Rick alipata nyanya zenye sukari na yabisi nyingi zaidi, jambo ambalo viwanda vya nyanya za kusindika hulilipia kwa furaha. Yote yalifanyika kwa uwazi na kwa nia njema. Lakini wakati ule hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliosema kwamba nchi ina mamlaka juu ya jeni za mimea yake. Huo, Mkataba wa Bayoanuwai, ulikuja mwaka 1992. Nchi iliyotoa mbegu za aina hii ikiambiwa leo kwamba kushirikishana ni kwa faida ya wote, ina haki ya kuuliza hao wote ni akina nani.

Swali hilo halijajibiwa, na kwa mboga liko wazi zaidi. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliweka utaratibu rahisi wa kubadilishana mbegu, ila kwa mazao yaliyotajwa kwenye kiambatisho chake: 35 ya chakula, pamoja na malisho ya mifugo. Karoti imo, jamii ya kabichi imo, bilinganya imo. Nyanya haimo. Vitunguu, pilipili, matango, bamia na mchicha navyo havimo. Kwa mazao hayo hifadhidata inaweza kukuonyesha sampuli, lakini njia ya kuipata inaweza kupitia mazungumzo ya nchi na nchi. Dirisha limefunguliwa, mlango una kufuli.

Na kuna wasiohitaji mlango. Mpangilio wa vinasaba ukishawekwa kwenye mtandao, maabara yenye uwezo inaweza kuusoma na kuutumia bila kuagiza punje moja, hivyo bila kutia saini makubaliano yoyote. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana Montreal, Desemba 2022, kwamba faida za taarifa hizo nazo zigawanwe, na Februari 2025 mfuko uliopewa jina la Cali ulizinduliwa Roma. Kampuni zinazotumia taarifa hizo zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kwa hiari. Na hiari, ikifika kwenye fedha, huenda mwendo wa kinyonga.

Ongeza na maarifa ya wakulima wenyewe: jina wanaloipa mbegu, namna ya kuitunza, matumizi yake ya dawa. Hayo yakishachapishwa hayarudi ndani. Hali kadhalika mahali halisi panapoota mmea pori adimu. Ukipataja kwa usahihi wa mita kumi umemwelekeza na yule anayekuja kuung'oa.

Mpaka hapa nilikuwa tayari kuuelewa msimamo wa kufunga. Kinachonirudisha upande wa uwazi ni kisa cha maharage ya njano. Maharage yako mpakani mwa nafaka na mboga, maana huliwa makavu na maganda mabichi, lakini kisa chenyewe kinahusu kila zao. Larry Proctor, mfanyabiashara wa mbegu huko Colorado, alinunua maharage nchini Mexico, akayachagua kwa rangi, na mwaka 1999 akapewa hataza ya Marekani, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, kwa jina la Enola. Waliokuwa wakiingiza maharage ya njano ya Mexico nchini humo wakaanza kudaiwa fedha. Mwaka uliofuata CIAT, kituo cha utafiti kilichoko Colombia, kiliipinga hataza hiyo kikitumia hazina yake ya maharage: mbegu za njano zilikuwa kwenye makabati na kumbukumbu zake miaka mingi kabla Proctor hajanunua zake. Julai 2009 mahakama ya rufaa ya Marekani ilithibitisha kwamba madai ya hataza hayana msingi.

Kisa hicho kinakata pande zote mbili, na si sawa kukisimulia nusu. Miaka kumi ya biashara iliyoyumba ni mingi, na walioshinda walikuwa taasisi yenye wanasheria, wala si mkulima wa kawaida. Lakini wakulima wa Mexico walikuwa na maharage hayo hayo mashambani, na umiliki wao wa muda mrefu peke yake haukuizuia hataza kutolewa. Kilichokuwa na nguvu mbele ya ofisi ya hataza ni karatasi yenye tarehe. Mbegu iliyofichwa isiyo na kumbukumbu popote ndiyo rahisi zaidi kuibiwa, kwa sababu anayeichukua anaweza kusema ameivumbua.

Kwa hiyo mimi naona taarifa za utambulisho, yaani zao, asili, tarehe, hadhi na benki inayoitunza, ziwe wazi bila masharti. Maarifa ya wakulima yaingizwe kwa ridhaa yao na kwa majina ya jamii zao wakitaka. Vipimo vya mahali pa mimea adimu vipunguzwe usahihi kwa umma, na anayevihitaji kamili aombe. Hakuna kati ya hayo kisichowezekana kiufundi leo.

Kinachonitia shaka ni kwamba tukishamaliza kubishana nani aone nini, bado visanduku vitakuwa vitupu. Ulaya iliwahi kuwa na hifadhidata za zao mojamoja, za jamii ya kabichi, vitunguu, saladi, jamii ya maboga na nyinginezo, zilizoendeshwa na taasisi zilizojitolea. Kadhaa zilikaa miaka bila kuhuishwa. Mfadhili hupenda kugharimia mfumo mpya wenye uzinduzi na nembo. Mshahara wa mtu wa kukaa na daftari za zamani, kusahihisha majina ya kisayansi yaliyobadilika (nyanya nyingi bado zimeandikwa Lycopersicon kwenye karatasi) na kutafuta kijiji kilichoandikwa kwa mwandiko wa haraka, huo haupati wa kuulipa. Mtunzaji akistaafu, nusu ya hazina inaondoka naye kichwani.

Sehemu ya dawa imeshaandikwa, ila haitumiki ipasavyo. Makubaliano ya kawaida ya kupokea mbegu chini ya mkataba ule wa 2004 yanamtaka mpokeaji arudishe kwenye mfumo wa pamoja taarifa zote zisizo za siri zilizotokana na utafiti wake. Aliyepewa sampuli hamsini za bilinganya akazijaribu dhidi ya mnyauko anadaiwa matokeo yake, hata kama sampuli zote hamsini zilikufa. Hasa zikifa, ningesema, maana matokeo ya aina hiyo ndiyo majarida hayayataki na mwingine anakuja kuyarudia kwa gharama zake. Sampuli sasa zinaweza kupewa kitambulisho cha kudumu cha kidijitali, kwa hiyo kufuatilia nani alichukua nini si kazi ya kubahatisha tena. Benki za mbegu zinaweza kuanza hata bila mkutano mwingine wa kimataifa: anayerudi kuomba kifurushi cha pili aulizwe matokeo ya kile cha kwanza yako wapi, na kwa nyanya, vitunguu na mazao mengine yaliyo nje ya kiambatisho, sharti hilohilo liandikwe kwenye makubaliano ya benki yenyewe. Kampuni zitalalamika kuhusu siri za biashara. Zipewe muda, tuseme miaka miwili au mitatu kabla ya kuchapishwa, lakini zisipewe msamaha.