Kuapa na Kuapiza ni Ndugu wa Tumbo Moja

Muuza simu wa Kariakoo akitiliwa shaka husema, "Haki ya Mungu, nipofuke kama nadanganya." Wapo wanaokereka. Huko si kuapa, wanasema, ni kujiapiza: kuapa ni kwa dini na mahakama, kuapiza ni kwa wachawi na wazazi waliokosewa. Nadhani wanamwonea.

Maneno yamini (yaani kiapo) na laana tuliyapata kwa Waarabu, lakini kuapa ni neno letu la Kibantu. Wabemba wa Zambia husema ukulapa. Sisi tumeidondosha ile l, kama tulivyoidondosha kwenye mvua, ambayo wao huiita imfula. Wagiriama wa pwani ya Kenya wana kiraho, yaani kiapo cha kumjaribu mtuhumiwa. Nacho hakikuwa maneno matupu: mtuhumiwa aliguswa kiganja kwa shoka la moto, au alilishwa papai lililosomewa, na mwongo ndiye angeungua au kudhurika. Nikisikia mtu "amekula kiapo", papai lile hunijia akilini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha wenzake wasiwatumikie Waingereza, na kilichowashika ni hofu ya madhara ya kukivunja kiapo.

Dini nazo hazijaitenga laana na kiapo. Katika Surat An-Nur, aya ya 6 hadi ya 9, mume anayemtuhumu mkewe zinaa bila mashahidi huapa mara 4 kwamba anasema kweli. Mara ya 5 hujitakia laana ya Mwenyezi Mungu ikiwa ni mwongo. Mke akikana, naye huapa mara 4, kisha hujitakia ghadhabu Yake. Laana imo ndani ya kiapo chenyewe, tena kwa maagizo. Itolewe, kibaki nini?

Itabaki sheria, watanijibu wanaomlaumu muuzaji, na ni kweli. Hakimu wa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, hasubiri shahidi avimbe tumbo. Uongo mahakamani una kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Mathayo 5:34 nayo inasema, "Usiape kabisa."

Hata hivyo muuzaji yule anajiapiza mwenyewe, macho yake mwenyewe. Ninapoungana na wanaomlaumu ni pale anaposema "mama yangu afe". Hapo amemweka rehani mtu ambaye hata hayupo dukani, wakati shoka la Wagiriama liliguswa kwenye kiganja cha mtuhumiwa mwenyewe.