Acheni wimbo ufike kwenye chemko!

Madereva wa daladala za Uyole hapa Mbeya, mnatutesa. Bendi ninayoishabikia imetoa albamu mpya, muziki wa dansi hasa: wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anabembeleza, kisha magitaa yanachachamaa, ndiyo chemko. Utamu uko huko mwishoni! Bendi ya Mlimani Park, iliyoanza 1978, imetulea hivyo. Sasa nyie, tumetoka Kabwe, kituo cha Mama John hatujafika, ubeti wa pili haujaisha, kidole kishabonyeza. Wimbo mwingine. Nao hivyohivyo! Nikilalamika, konda ananijibu, "Mzee, hizo za kulalia." Za kulalia! Besi mmeifungulia mpaka viti vinatetemeka, gitaa la ridhimu halisikiki, na ndilo lililonoga safari hii. (Mwimbaji mpya simsemi, bado anabana pua.) Mkiukata tena ule wa tatu, nashuka Sae, nauli mnirudishie.