Kabla Hujalipia GMAT Mara ya Pili

Hapa Nairobi ukimuuliza mtu kwa nini anarudia GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, mara nyingi jibu halitaji shule anayoomba. Litamtaja mwenzake wa ofisini pale Upper Hill aliyepata zaidi, au kundi la WhatsApp la waombaji wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ambamo kila anayeingia hutaja alama zake kabla hata ya kusalimia. Huwa nasomea marafiki insha zao za maombi, na marafiki wa marafiki pia, na msimamo wangu ni huu: wengi wanaorudia mtihani huu wanajifutia aibu tu, huku sehemu dhaifu ya maombi yao ikiwa kwingine kabisa.

Tabia hii ina asili yake. Sisi ni watoto wa KCSE. Gredi hutoka mara moja na kabla ya jioni mtaa mzima unaijua. Kurudia kidato cha nne lilikuwa jambo la kuitiwa kikao cha ukoo. GMAT haina mambo hayo. Unaruhusiwa kuifanya hadi mara tano ndani ya miezi 12, mradi zipite siku 16 kabla ya kuketi tena. Alama zinadumu miaka mitano, na kwa utaratibu wa sasa unayaona matokeo yako kwanza ndipo uamue kama utayatuma. Shule haioni usichoituma. Kwa hiyo "watanionaje nikirudia" si swali la kukunyima usingizi, wala "watanionaje nisiporudia".

Kuna tatizo lingine, la mizani. Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023, na toleo la zamani likafungwa mwanzoni mwa 2024. Siku hizi alama zinaanzia 205 hadi 805, na zote huishia na tano. Insha iliondolewa, jiometri ikaondolewa, na maswali ya kusahihisha sentensi nayo hayapo tena. Lakini bosi wako aliyesomea nje zamani bado anakwambia bila 700 usijisumbue. Ukilinganisha nafasi ya mtu kati ya watahiniwa wote, 700 yake inakaribiana na 645 ya sasa. Nimemwona dada mwenye 655 akijiandaa kulipa tena kwa sababu ya kauli hiyo moja ya bosi. Wakubwa tunawaheshimu, lakini kwa hili waulizwe kwanza walifanya mtihani mwaka gani.

Ukishajua unasimama wapi kwenye mizani mpya, fungua ukurasa wa shule yenyewe. Shule nyingi hutangaza alama ya kati ya darasa lililoingia, na alama ya kati maana yake ni kwamba karibu nusu ya waliokubaliwa wako chini yake. Watu wetu huisoma kama kiwango cha chini cha kuingilia. Mtu yuko pointi 20 chini ya alama ya kati ya shule ya biashara ya INSEAD anaona mlango umefungwa, kumbe mtu yule yule akiketi mara mbili anaweza kutofautiana kwa pointi hizo bila kujifunza wala kusahau chochote. Kurudia kwa ajili ya pointi 10 au 20 ni kucheza bahati nasibu ya bei ghali.

Na ni ghali kweli. Ada ya mtihani inapita dola 250, yaani zaidi ya shilingi elfu thelathini, kabla hujanunua kitabu. Mbele yako kuna ada za maombi, ambazo kwa shule nyingi kubwa za Marekani zinapita dola 200 kwa kila shule. Hayo yote yanatoka kwenye mshahara ambao bima ya afya ya SHA na ushuru wa nyumba zimeshakata fungu lake.

Tuseme basi alama zako ziko chini kweli na kurudia kuna maana. Hapo ndipo ninapotaka mtu atulie na ripoti yake badala ya kukimbilia kulipa. Mtihani una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, data 20. Zote tatu zina uzito sawa kwenye alama ya jumla. Sasa angalia Mkenya anavyojiandaa. Hesabu ya sekondari ilimuacha na kovu, kwa hiyo miezi yote anaitumia kwenye hesabu, anatafuta hadi mwalimu wa kumfundisha aljebra upya wikendi. Lugha anaiachia Kiingereza cha shuleni. Sehemu ya data anaipitia wiki ya mwisho, kwa sababu kazini anashinda kwenye Excel na anadhani ni yale yale.

Si yale yale. Unapewa majedwali, chati, barua pepe mbili tatu zinazopingana, na yale maswali ya kuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Hayo ya mwisho huwasumbua sana wahasibu na wahandisi. Hutakiwi kukokotoa, unatakiwa ujue kama inawezekana kukokotoa, kisha uondoke. Mtu aliyezoea kufunga vitabu vya hesabu hadi senti ya mwisho hawezi kuliacha swali bila kulimaliza. Kikokotoo kinaruhusiwa katika sehemu hii peke yake, nacho humvuta zaidi. Kila swali lina dakika mbili na robo hivi. Swali la kumi na tano linamkuta amebakiwa na dakika sita, na maswali yasiyojibiwa yana adhabu yake. Ile nafasi ya kurudi nyuma na kubadilisha majibu hadi matatu katika kila sehemu haitumii, maana sekunde zimekwisha. Mtu kama huyu akienda kununua kitabu kingine cha aljebra, atarudi na alama zile zile.

Kwa hiyo mimi huuliza jambo moja: mitihani ya mazoezi ilikuwa inakupa ngapi? Waandaaji wa GMAT wanatoa miwili ya bure. Kama mazoezi yalikuwa yakikupa pointi 50 au 60 zaidi ya ulizopata, na unajua kilichotokea siku ile, rudia. Ulikuwa mgonjwa, ulifanyia nyumbani stima ikapotea katikati ya sehemu ya lugha, ulilala saa tisa usiku ukimaliza ripoti ya mteja. Hizo ni sababu. (Na kama ni stima, safari hii nenda kituo cha mtihani.) Lakini kama mazoezi yalikuwa yakikupa kile kile ulichopata, basi mtihani umekupima sawasawa. Kinachohitaji kubadilika ni maandalizi, na hayo hayabadiliki kwa siku 16.

Yapo mazingira mengine ambayo sibishani nayo. Ulisomea sheria au uandishi wa habari, shahada yako haina hata kozi moja ya takwimu, na alama za hesabu ziko chini: shule itajiuliza kama utamudu somo la fedha, na mtihani ndio njia fupi ya kuwajibu. Mhandisi wa JKUAT mwenye gredi nzuri hana deni hilo. Pia kuna ufadhili. Alama za juu zinaweza kusaidia kupunguza karo, na kwa mtu anayelipa kwa shilingi hilo ni jambo zito kuliko fahari yoyote. Na kampuni kadhaa za ushauri wa biashara huuliza alama hata baada ya kuhitimu. Haya nayakubali.

Ila tazama kalenda. Shule nyingi kubwa za Marekani hupokea maombi ya awamu ya kwanza Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari. Anayerudia mtihani mwishoni mwa Novemba anauondoa mwezi ule ule ambao angeandika insha, halafu Desemba inafika na kila mtu ameenda ushago, pamoja na bosi aliyeahidi barua ya pendekezo. Insha za dakika za mwisho nazijua kwa kuzitazama tu. Zote zinataka "kuleta mabadiliko Afrika" na hakuna hata moja inayosema mabadiliko gani. Barua nazo ni kisa kingine: bosi wa Nairobi ana mazoea ya kukwambia uandike mwenyewe atie sahihi, na shule hazitaki hivyo. Kumketisha bosi huyo nusu saa akumbuke ulichofanya kunaweza kukusaidia kuliko pointi 30.

Kwa wale ambao sehemu ya data imewashinda mara kwa mara, ningetazama GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, kabla ya kulipia GMAT tena. Karibu shule zote kubwa za biashara zinaipokea. Tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi chini kidogo ya saa mbili, kikokotoo kinapatikana kwenye hesabu yote, na sehemu ya lugha inapenda msamiati, jambo ambalo aliyesoma magazeti na riwaya tangu utotoni hulimudu. Jiometri bado ipo, hilo ulijue mapema. Nayo ina mitihani miwili ya mazoezi ya bure. Tenga Jumamosi moja, zima simu, ufanye mmoja kwa muda kamili, kisha uweke matokeo kwenye jedwali la kulinganisha GRE na GMAT uone umeangukia wapi.