Petroli Tupu Ndani ya Msumeno wa Watu
Nimetumia miezi minne hapa Tabora kuufufua msumeno wa zamani wa mnyororo, Stihl 070 wenye injini ya sentimita za ujazo 106, ambao niliukuta umetupwa bandani, kabureta imeganda na kamba ya kuwashia imekatika. Siku ulipounguruma, mtaa mzima ulisikia, na tangu hapo kila mwenye gogo la mninga amekuwa rafiki yangu.

Kuazimisha hakunikeri. Kinachonikeri ni mtu kuurudisha akiwa ametia petroli tupu, kisha akanijibu kwa utulivu kwamba "mafuta ni mafuta, kaka". Injini hii ya mipigo miwili haina oili yake pembeni kama ya gari. Pistoni hulainishwa na oili ile ile iliyochanganywa kwenye petroli, na mimi huchanganya mililita 200 kwa lita 5, tena nilimwandikia kwenye dumu kwa kalamu nyekundu. Nilipofungua ekzosi na kuchungulia kwa tochi, pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima kana kwamba imeparuzwa kwa msumari.

Ameniletea nusu lita ya asali kuniomba radhi. Nimeipokea, naye hapo hapo akauliza msumeno utakuwa tayari lini.