Tazama tarehe ya usalama, achana na namba ya Android

Toleo jipya la Android likitangazwa na simu zao zisilipate, wenye simu Kampala huanza kuzilaumu kampuni za laini. Mara nyingi wanamwonea asiyehusika. Google hutoa mfumo wa msingi tu, usiojua kamera wala modemu (kipande kinachonasa mtandao) ya simu yako. Mtengenezaji wa chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, hurekebisha kwanza viendeshi, yaani programu zinazounganisha mfumo na vifaa vya ndani. Ndipo kampuni ya simu inapovalisha sura yake, One UI kwa Samsung au HiOS kwa Tecno, kisha inajaribu modeli moja moja. Mwaka 2017 Google ilitenganisha mfumo na viendeshi kupitia mpango wa Treble, na kazi ikapungua, lakini simu ya bei nafuu bado hukaa mkiani mwa foleni, ikiwa imo. Apple hutengeneza simu na mfumo wake wenyewe, ndiyo maana iPhone zinazostahili huletewa apdeti siku moja.

Hata apdeti ya Android ikikamilika, haitumwi kwa wote kwa pamoja. Simu chache hupewa kwanza. Zikianza kuzima ovyo, usambazaji unasimamishwa. Jirani kupata kabla yako si dalili ya ubovu.

Kwa maoni yangu, tunahangaikia namba isiyo na maana sana. Simu yenye Android 13 na marekebisho ya usalama ya juzi ni salama kuliko yenye Android 14 iliyosahaulika mwaka mzima, na kwa mtu anayeweka pesa zake kwenye simu, hilo ndilo la kuangalia. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome tarehe ya sasisho la usalama. Tangu Android 10 kuna pia sasisho la mfumo wa Google Play, lenye tarehe yake. Baadhi ya sehemu za mfumo husasishwa kwa njia hiyo bila kumsubiri mtengenezaji, na wengi hawajawahi kuligusa.

Apdeti ikifika, hifadhi kwanza picha na mazungumzo ya WhatsApp. Acha nafasi ya GB 5 hivi, kwa kuwa faili la toleo zima huweza kupita GB 2 na bado linahitaji pa kufungukia. Pakua kwa Wi-Fi, bando likikatika katikati ni hasara. Chaji ivuke asilimia 50 kabla ya kubonyeza Sakinisha, maana umeme wetu hauagi ukiondoka, na simu ikizimika wakati mfumo unaandikwa inaweza kugoma kuwaka. Kwa siku moja au mbili baada ya hapo simu itapata joto na kula chaji, kwa sababu inapanga upya programu zote. Usikimbilie kwa fundi.

Simu zilizotumika kutoka Dubai au Uingereza zina jambo lake. Nyingine zina programu ya kampuni ya laini ya huko, hivyo hufuata ratiba ya huko. Kwa Samsung, bonyeza *#1234# uone mstari wa CSC, msimbo unaodokeza kundi la masoko ambalo programu ya simu ilitengenezewa. Na kabla ya kulipa, uliza modeli ilitoka mwaka gani, si imefika dukani lini: Galaxy S24 ya 2024 imeahidiwa miaka 7 ya apdeti, lakini miaka hiyo ilianza kuhesabiwa ilipotoka.