Nikaha Sikuivunja Mimi

Kwa kuwa sahibu yangu mmoja, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia ulimi usiochoka, amekwisha kutangaza hapa Unguja, kuanzia Darajani mpaka Bububu, kwamba nimevunja nikaha ya watu kwa kamera, naomba na mimi nisikilizwe kabla kidonda hakijafunga. Nikaha haikuvunjika. Ilikatika kidogo, ikaungwa.

Kamera yenyewe ni Canon EOS 300, ile iliyotoka mwaka 1999 kwa ajili ya wanaoanza, nyepesi kama sahani ya plastiki, inayotumia mkanda wa filamu lakini inafokasi yenyewe, yaani lenzi inajirekebisha bila mkono wako ili picha itoke safi. Nilikuwa nimejisifu barazani kwamba kazi yangu ni kubonyeza tu, mengine inayajua mashine. Na ami, aliyekuwa anamwoza binti yake, akanituma nipige picha za nikaha. Nikazungusha swichi mpaka kwenye kiboksi cha kijani, ambacho maana yake ni kwamba kila kitu kiamuliwe na kamera, kisha nikaingia msikitini baada ya Isha nikiwa nimetangulia kifua.

Sasa tazameni. Ukuta mweupe. Bwana harusi kanzu nyeupe, ami kanzu nyeupe, shehe kanzu nyeupe. Khutba imekwisha, ami ameushika mkono wa bwana harusi, na msikiti umenyamaza kiasi cha kusikia pangaboi likizunguka. Nikabonyeza. Kamera haikupiga. Lenzi ilitoka mbele, zzzii, ikarudi nyuma, zzzii, kwa sababu mashine hizi hutafuta mahali ambapo giza linapakana na mwanga ili zipate pa kushika, na pale weupe ulikuwa umepakana na weupe mwenziwe. Na isiposhika, haipigi hata ukiibembeleza. Juu ya hayo, flashi, ambayo sikuiita, ikachomoza yenyewe kama kichwa cha kobe. Nikaishindilia kwa kidole ikarudi ndani. Nikabonyeza tena: zzzii, na kobe huyo akatoa kichwa. Mzee aliyeketi mbele yangu akajinyoosha mgongo taratibu, kama mtu anayejizuia kusema. Ami akatamka, "Nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyokubaliana." Zzzii. Bwana harusi akafungua mdomo, akasema, "Nime..." na hapo hapo, baada ya kukataa muda wote ule, kamera ikaridhika, ikawaka msikiti mzima.

"Nime... nime nini?" akauliza bwana harusi huku akipepesa macho.

Nyinyi mnaocheka huko, nisitirini. Vichwa vyote viligeuka, na shehe akaniambia kwa upole unaouma kuliko kofi, "Mwanangu, tuache kwanza tumwoze." Ikabidi ami aanze upya.

Nje, wenzangu walipokuwa wanakula haluwa, nikaona kamera inaonyesha 29 ilhali nilikuwa nimepiga picha saba tu. Nikahukumu kwamba imeharibika, nikafungua kifuniko cha nyuma papo hapo, chini ya taa. (Wajuzi, shusheni mikono, nimekwisha kuelezwa.) Kamera hii, unapotia mkanda, huuvuta wote nje ya mkebe kwanza, kisha kila picha inayopigwa huirudisha mkebeni, na hesabu hushuka kutoka 36. Kwa hiyo nilichokiunguza kwa mwanga ni zile 29 ambazo bado hazijapigwa. Zile saba zilikuwa zimelala salama gizani, na hapo ndipo sahibu yangu anapokosea anaposema kwamba mkanda wote uliungua. Laiti ungeungua! Ingekuwa kamera ya zamani ya babu, ambayo picha zilizopigwa hubaki nje ya mkebe, ushahidi ungepotea nami ningeapa kwamba picha ilikuwa nzuri.

Mkanda ukapelekwa Dar es Salaam kwa boti, ukasafishwa, ukarudi. Picha ya nikaha ipo. Bwana harusi anaonekana kama moshi wa udi, na ami hana uso. Lakini kwa kuwa kamera ikiachiwa ichague yenyewe hupenda kushika kilicho karibu, kofia ya yule mzee wa mbele, kwa nyuma, imetoka safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu vitobo vyake kimoja kimoja.

Ami hajaniambia neno mpaka leo. Mwenye kofia ameagiza nakala mbili, na mkewe, aliyeishona, ameagiza yake peke yake.