Kiwango Kinachokuja Hakitoi Risiti

Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Maseno wakianza kupata wateja wa kutengenezewa programu hapa mjini Kisumu huniletea swali lilelile: nitumie toleo lililopo la fremuweki, yaani msingi ulioandikwa tayari ambao programu hujengwa juu yake, au nivute subira kwa kuwa kiwango kipya, yaani kanuni rasmi au toleo jipya, kiko mbioni kupitishwa? Mimi huwaambia watumie lililopo. Huniona wa kale, lakini hebu tutazame yaliyowapata waliosubiri.

Mwaka 2014 timu ya Angular, fremuweki ya kujengea tovuti, kule Google ilitangaza kwamba toleo la 2 halitaoana na la kwanza. Ikawa taharuki. Kuna waliosimamisha kazi, na kuna waliorukia toleo la majaribio. Toleo kamili lilitoka Septemba 2016. Kufikia hapo, wale wenye haraka walikuwa wameandika upya sehemu ya kuelekeza kurasa zaidi ya mara moja, na Agosti, mwezi mmoja tu kabla, wakaletewa utaratibu mpya kabisa wa kuigawa programu katika moduli. Na aliyebaki na AngularJS, yaani lile toleo la kwanza, lililosemekana limekwisha? Alihudumiwa hadi mwisho wa 2021. Miaka 7! Ndani ya muda huo mteja wako ameshafungua tawi la pili na kutupa kompyuta zote za mwanzo.

Hiyo angalau ni ahadi iliyotimia. XHTML 2, kiwango cha kuandikia kurasa za wavuti, ilishughulikiwa miaka mingi, kisha 2009 W3C, shirika linalopitisha viwango vya wavuti, ikaiachilia mbali na kuelekeza nguvu kwenye kiwango kingine, HTML5. ECMAScript 4, kiwango kilichotarajiwa kuibadilisha sura lugha ya programu ya JavaScript, kilitupwa 2008. PHP 6, toleo la lugha ya kuandikia programu za tovuti, haikutoka kamwe; watu walitoka 5 wakaingia 7, ingawa vitabu vya kufundisha PHP 6 vilikuwa vimeshauzwa. Huwa nacheka kila nikikikumbuka kisa hicho, ila namhurumia aliyenunua. Upande wa pili, CSS 2.1, kiwango cha kupangia mwonekano wa kurasa, ilipitishwa rasmi 2011, wakati tovuti zilikuwa zikiitumia tangu zamani. Muhuri wa kamati una ratiba yake, na si ya kwako.

Mhazini wa chama cha akiba pale Kondele hajui hata kama kuna kamati. Anachotaka ni kwamba Jumamosi wanachama wakija, afungue simu yake yenye kioo kilichopasuka, aandike shilingi 500 za mama fulani, na ujumbe uingie kabla huyo mama hajainuka kitini. Ukimwambia asubiri, atarudia daftari lake, na huenda asikupigie tena.

Hii haimaanishi ung'ang'anie kitu kinachokata roho. Aliyeanza mfumo mpya mwaka 2018 kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python, hana wa kumlaumu: ilishatangazwa tangu 2014 kwamba huduma yake ingekoma 2020, na Django 2.0, toleo la fremuweki ya Python lililotoka Desemba 2017, lilikuwa limeshaiacha. Kwa hiyo tarehe ninayoitafuta kwanza ni ya toleo la sasa kuacha kupata marekebisho ya usalama. Django 5.2, kwa mfano, ilitoka Aprili 2025 na itahudumiwa hadi Aprili 2028. Kwa mfumo wa chama, hiyo inanitosha. Ikiwa imebaki miezi michache, na jipya limeshatoka kikamilifu, ndipo nitahama.

Lililobaki ni jinsi ya kuandika. Ninachoshuku kitabadilika nakifungia faili moja. Malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, kwa mfano, hayatapakai kila ukurasa. Programu nzima inaita kitendo kimoja tu, na kitendo hicho ndicho pekee kinachojua Safaricom wanataka nini. Kiwango kipya kikija, nafungua faili hiyo asubuhi, najaribu na shilingi 1 ya kwangu mwenyewe, na mhazini hahitaji hata kujua.